Kisa cha Colton Herta: ushindi wa mbio tisa za IndyCar, kisha Formula 2

Msimu wa 2025 wa IndyCar, mashindano makuu ya Marekani ya magari ya kiti kimoja, ulifungwa Nashville tarehe 31 Agosti. Siku tatu baadaye Colton Herta akatangazwa kuwa dereva wa majaribio wa Cadillac, timu mpya ya langalanga iliyopangiwa kuingia Formula 1 mwaka 2026. Kiti chake katika timu ya IndyCar ya Andretti kikachukuliwa na Will Power, bingwa mara mbili aliyekuwa ametoka timu ya Penske. Mpaka hapo hakuna la ajabu, madereva huhama. Kilichowashtua watu ni sehemu ya pili ya mpango: mwaka huo wa majaribio Herta angeshindana Formula 2, ngazi iliyo chini ya Formula 1, na timu ya Hitech, kwenye msururu wa vijana ambao baadhi yao walikuwa bado shule ya msingi siku aliposhinda mbio yake ya kwanza ya IndyCar.

Hapa Malindi hukumu ilitoka haraka, kwamba jamaa kashushwa. Naielewa hukumu hiyo. Mji wetu umeijua Formula 1 kupitia kwa Waitaliano. Walitangulia wale wa mradi wa San Marco, waliokuwa wakirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni tangu miaka ya sitini, wakafuata wa hoteli na wa majumba ya Casuarina, na vijana waliookota Kiitaliano ufukweni wakaiokota na Ferrari humo humo. Jumapili za mbio za Ulaya magari huondoka saa kumi alasiri kwa saa zetu, watu wamekwisha kula na jua limeanza kulegea. IndyCar haina bahati hiyo. Hukimbiwa Marekani mchana, na mchana wao ni usiku wetu. Indy 500 yenyewe, iliyo kubwa kuliko zote, huanza kama saa mbili kasorobo usiku na kumalizika watu wengi wakiwa kitandani. Herta basi alishinda mbio zake zote tisa bila Malindi kumwona, na sasa jina lake limetufikia likiwa limebandikwa nambari mbili.

Kijana mmoja wa tuktuk, mfuasi wa Ferrari asiyetania, alilisema waziwazi barazani: mtu mzima wa miaka 25 anaenda kushindana na watoto, huyo hana tena thamani. Aliyembishia ni mzee mmoja fundi, mtu aliyefungua na kufunga injini za Waitaliano tangu kijana wetu hajazaliwa. "Mwanangu," alimwambia, "hebu kwanza uliza tairi anayoijua ni ya kampuni gani." Kijana akacheka. Mimi nadhani mzee alikuwa ameshika kisa chote kwa swali hilo, lakini kabla ya tairi kuna suala la karatasi, na ndilo lililozungumzwa zaidi magazetini.

Alikotoka

Herta alizaliwa California mwaka 2000, mtoto wa Bryan Herta, naye dereva wa zamani wa mbio hizo hizo za Marekani. Watu husahau kwamba Ulaya si ngeni kwake. Mwaka 2015, akiwa na miaka 15, alikimbia Uingereza katika mashindano ya Formula 4 ya huko na timu ya Carlin. Bingwa wa mwaka ule alikuwa mwenzake wa timu, Lando Norris. Herta akamaliza wa tatu. Mwaka uliofuata alikuwa wa tatu tena, safari hii katika Euroformula Open. Kisha akarudi kwao, akapita Indy Lights, ngazi iliyo chini ya IndyCar, na Machi 2019 akashinda IndyCar kwenye uwanja wa Austin, Texas, akiwa hajatimiza miaka 19. Hakuna dereva mdogo kuliko yeye aliyewahi kushinda mbio ya mashindano hayo.

Baada ya hapo njia yake haikunyooka. Wa tatu mwaka 2020. Wa tano 2021, mwaka ambao alishinda mara tatu. Wa kumi 2022, wa kumi tena 2023 bila ushindi hata mmoja. Mwaka 2024 akafufuka, akashinda Toronto na Nashville na kumaliza wa pili. Mwaka 2025 akawa wa saba, bila ushindi. Ni dereva mwenye siku ambazo hashikiki, na pia mwenye majira mazima ambayo huwezi kueleza alikuwa wapi. Anayemtetea asilifiche hilo.

Karatasi

Kuendesha Formula 1 kunahitaji leseni kuu ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari. Baada ya Max Verstappen kuanza mbio hizo mwaka 2015 akiwa na miaka 17, masharti yalikazwa: tangu 2016 dereva awe ametimiza miaka 18 na awe amekusanya pointi 40 ndani ya misimu mitatu. Pointi hizo hutoka katika jedwali linalopima kila mashindano kwa mizani yake. Formula 2 ndiyo mtoto mpendwa: wa kwanza, wa pili na wa tatu wote hupata 40, wa nne 30, wa tano 20, wa sita 10, kisha 8, 6, 4 na 3. Kwa IndyCar, kwa jedwali lililokuwepo Herta alipoamua, bingwa peke yake ndiye aliyepata 40. Wa pili 30, wa tatu 20, wa nne 10, kisha 8, 6, 4, 3, 2 na 1.

Soma tena. Mtu anayemaliza wa tatu IndyCar, akipambana na mabingwa waliopita umri wa miaka 30, alihesabiwa sawa na kijana aliyemaliza wa tano Formula 2. Jedwali lile sikuwahi kulipenda. Ni sawa na nahodha aliyezaliwa majini, anayeijua miamba ya hapa kwetu kwa kukanyaga, kunyimwa kupakia watalii kwa sababu cheti chake kimetoka chuo kisichojulikana na bwana mkubwa wa bandari.

Karatasi hii ilikwisha kumuumiza Herta mara moja. Mwaka 2022 Red Bull walimtaka kwa ajili ya timu yao ndogo, AlphaTauri. Alikuwa tayari amejaribu gari la McLaren kule Portimão mwezi wa Julai, na mwendo haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba alikuwa na pointi 32. FIA ilikataa kumsamehe nane zilizopungua, Red Bull wakaachana na wazo hilo, na kiti kikaenda kwa Nyck de Vries, aliyekuwa na karatasi zote: bingwa wa Formula 2 mwaka 2019, bingwa wa Formula E baadaye, na pointi mbili alizozipata Monza alipoombwa kuziba pengo katika timu ya Williams. De Vries aliendesha mbio kumi za 2023, akaondolewa.

Kwa hiyo watu walipomwona Herta anakwenda Formula 2, wakasema: anafuata pointi. Mimi pia ndivyo nilivyodhani mpaka nilipopiga hesabu.

Hesabu inasema hivi. Kwa leseni ya kukimbia msimu wa 2027 zingehesabiwa 2024, 2025 na 2026. Mwaka 2024 ulimpa 30. Mwaka 2025 ukampa 4. Jumla 34, zimebaki sita tu. Katika Formula 2 sita ni nafasi ya nane. Lakini angebaki IndyCar, kwa jedwali lile lile, sita ni nafasi ya sita. Dereva aliyekuwa wa pili mwaka mmoja nyuma haoni mlima katika nafasi ya sita. Na kuna njia ya pembeni: kila kipindi cha mazoezi ya Ijumaa ya Formula 1 ambacho dereva anamaliza kilomita 100 bila adhabu humpa pointi moja, na tangu 2025 kila timu inalazimika kutoa vipindi vinne kwa mwaka kwa madereva wageni wa Formula 1. Angeweza kukaa Marekani, akalipwa, akatafuta nafasi ya tano au ya sita, akaja Ulaya Ijumaa chache, na karatasi ikakamilika.

Kama pointi ndizo zilizokuwa shida, basi huu ulikuwa mzunguko mrefu wa bure. Mtu na timu yake hawaachi kiti cha kushinda mbio kwa ajili ya kitu ambacho wangekipata wakiwa wamekaa pale pale.

Tairi ya mzee

Tukirudi kwa swali la fundi: Herta ameendesha IndyCar tangu mwisho wa 2018, na IndyCar hutumia Firestone. Formula 1 na Formula 2 hutumia Pirelli. Kwa mtu wa barabara ya kwenda Mambrui tairi ni tairi, ilimradi isitoboke. Kwa dereva wa kiti kimoja ndiyo kazi yenyewe. Pirelli za mashindano haya zimetengenezwa zichoke. Zina kiwango cha joto zinachokipenda. Ukiingia kwenye kona kwa pupa mara mbili tatu, mpira wa juu unapata moto kupita kiasi, gari linaanza kuteleza, na kuteleza kunaongeza moto. Kuzirudisha ni vigumu, pengine haiwezekani tena mpaka uzibadilishe. Firestone humvumilia zaidi dereva anayeshambulia, na Herta ni wa aina hiyo hasa. Sifa yake kubwa Marekani ni gari linalocheza nyuma huku yeye akiendelea kukanyaga mafuta, tena kwa usukani usio na pawa, kwa nguvu za mikono.

Kisha umbo la mbio. IndyCar hujaza mafuta katikati ya mbio, kwa hiyo dereva anafundishwa kufikiri kwa mafuta: abane wapi, aingie lini, asukume kwa mizunguko mingapi. Formula 1 iliacha kujaza mafuta tangu 2010, na Formula 2 hawajazi. Huko unafikiri kwa tairi kuanzia taa zinapozimika. Wikendi ya Formula 2 nayo ni ya ukali wa pekee: dakika 45 za mazoezi, basi, kisha dakika 30 za mchujo wa kupanga nafasi. Jumamosi mbio fupi, kumi bora wakiwa wamegeuzwa, wa kumi mbele. Jumapili mbio kuu yenye kusimama mara moja kwa lazima kubadilisha tairi. Ukikosea kuandaa tairi katika mzunguko wako mmoja wa Ijumaa, wikendi nzima unaitumia nyuma ya watoto wanaojua kuziba njia. (Kwa wanaotaka kumwona, mbio kuu za Ulaya kwa kawaida huwa asubuhi, kama saa tano kwa saa zetu.)

Jambo moja lilimfurahisha mzee. Magari yote mawili ni kazi ya Dallara, kampuni ya Varano de' Melegari karibu na Parma. Lile la IndyCar asili yake ni ya 2012, likaongezewa kioo cha kumkinga dereva mwaka 2020 na mfumo wa haibridi katikati ya 2024. La Formula 2 ni la 2024, lenye injini ya Mecachrome ya lita 3.4. Mwitaliano mmoja wa Watamu akadakia kwamba basi Herta hajahama nyumba, amebadilisha chumba tu. Si kweli, lakini kwa Mwitaliano ilikuwa jibu la kutosha.

Kwa nini asifundishiwe gari lenyewe?

Hapa ndipo kisa hiki kinatofautiana na vya zamani, na ndipo wachambuzi wengi wanapita mbio.

Mwaka 1993 Michael Andretti, bingwa wa Marekani wa 1991, alikwenda McLaren kukaa pembeni ya Ayrton Senna. Hakuhamia Ulaya, aliendelea kuishi Marekani na kuvuka bahari kila mbio. Baada ya mbio 13 alikuwa na pointi saba, nne kati ya hizo za nafasi ya tatu pale Monza, na Monza ikawa ya mwisho kwake. Miaka mitatu baadaye Jacques Villeneuve alitoka upande ule ule, akiwa bingwa na mshindi wa Indy 500 ya 1995, akaenda Williams. Akamaliza wa pili mwaka wake wa kwanza na bingwa mwaka wa pili, 1997. Watu hupenda kusema Villeneuve alikuwa na kipaji zaidi. Huenda. Ila alikuwa pia na gari bora kuliko yote, na kabla ya msimu Williams walimwacha aendeshe na aendeshe, siku baada ya siku, mpaka gari likamzoea. Alex Zanardi, Mwitaliano wa Bologna ambaye Malindi bado hutajwa kwa heshima, alikuwa bingwa wa Marekani mara mbili, 1997 na 1998, akarudi Formula 1 na Williams 1999 na hakupata hata pointi moja. Magari ya mwaka ule yalikuwa na tairi zenye mifereji, na alichojua kuhusu breki na mshiko hakikufanya kazi. Tairi tena.

Njia ya Villeneuve leo imefungwa. Tangu 2009 majaribio katikati ya msimu yamebanwa, na kinachobaki kwa timu ni kumpa dereva mgeni gari la misimu iliyopita. Timu kongwe zina maghala ya magari hayo. Cadillac, kwa kuwa ni mpya, haikuwa na gari hata moja la zamani. Novemba 2025 walipotaka mafundi wao wafanye mazoezi na gari la kweli, ilibidi waazime Ferrari ya 2023 na kumweka Sergio Pérez ndani yake pale Imola. (Injini za Cadillac za 2026 ni za Ferrari pia, kwa hiyo kijana wetu wa tuktuk ana hisa katika jambo hili apende asipende.)

Sasa mweke Herta hapo. Timu yake haina gari la zamani la kumfundishia. Anahitaji kujua Pirelli, kuvizoea tena viwanja vya Ulaya alivyoviacha akiwa na miaka 16, na kukaa karibu na wahandisi wa Formula 1 wikendi nyingi iwezekanavyo. Formula 2 hukimbia wikendi zile zile, kwenye viwanja vile vile, kwa tairi za kampuni ile ile. Ndiyo darasa pekee lililobaki wazi, na pointi ni kitu anachopewa mlangoni.

Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi, lakini kwake yeye tu. Nisingemshauri dereva mwingine wa IndyCar aufuate. Kiti cha Formula 2 kwa kawaida hununuliwa, tena kwa mamilioni ya yuro, wakati dereva wa kiwango cha Herta Marekani hulipwa. Anayeweza kugeuza mkondo wa fedha namna hiyo lazima awe na mwenyewe nyuma yake. Herta anaye: kampuni ya TWG inamiliki Andretti, na ndiyo iliyo nyuma ya Cadillac pia. Waliomwondoa kwenye kiti kimoja ndio wanaomtayarishia kingine. Dereva asiye na tajiri wa aina hiyo akiacha IndyCar kwa hiari, mwaka mmoja baadaye huenda hana pa kurudi.

Hatari aliyonayo si ya pointi bali ya kulinganishwa. Akimshinda kijana wa miaka 18, watu watasema ndivyo ilivyotakiwa. Akishindwa naye, mbio tisa za Marekani zitafutika katika mazungumzo kwa alasiri moja. Na Formula 2 yenyewe haina uaminifu kwa washindi wake. Kimi Antonelli alimaliza wa sita mwaka 2024 na moja kwa moja akapewa Mercedes. Leonardo Fornaroli alitwaa ubingwa mwaka 2025 na hakupata kiti cha 2026. Wote Waitaliano, na hapa mjini tumebishana juu yao mpaka kahawa ikaisha. Kinachoangaliwa na timu ni namna unavyoendesha, na kabla ya hapo nani anakuita wake.

Mwaka huo huo kuna aliyeipita njia hiyo akielekea upande wa pili. Mick Schumacher, bingwa wa Formula 2 wa 2020, mtoto wa Michael ambaye picha yake bado imebandikwa kwenye duka moja la vinyozi karibu na soko, alisaini kwenda IndyCar 2026 na timu ya Rahal. Yeye ana karatasi zote na hana kiti cha Formula 1. Herta ana tajiri mwenye timu na karatasi pungufu. Hakuna aliyemwambia Mick kwamba ameshuka.

Viti viwili vya Cadillac vilitangazwa Agosti 2025 kuwa vya Pérez na Valtteri Bottas, na kabla ya 2026 kwisha Pérez atakuwa na miaka 36 na Bottas 37. Kimojawapo kitakapokuwa wazi, leseni haitakuwa tena kisingizio cha kumkataa Herta, maana nafasi ya nane si jambo kubwa kwake. Kitakachosomwa ni zile dakika 30 za mchujo wa Ijumaa: ameweza kuipa Pirelli joto inalolitaka kwa mzunguko mmoja, au bado anaiendesha kama Firestone.